Mbona Mathe Wako Anajua Boney M na Mmarekani Hawajui? Hii Ndio Rada

Jaribu hii siku moja. Ingia mtandaoni, tafuta Mmarekani wa rika la mathe wako, muulize kama anajua Boney M. Kuna uwezekano mkubwa atakuuliza hao ni wasee wa wapi. Sasa rudi home umuulize mathe wako swali hilo hilo. Hata hatakujibu, ataanza tu kuimba.

Hii kitu ilinisumbua kitambo. Kwetu tulikuwa na kaseti tatu za Boney M, moja utepe ulikuwa umekatika tukaunganisha na selotepu, na Disemba ikifika hakuna mtu alikuwa anaruhusiwa kuweka kitu ingine. Nilikua nikijua dunia ina Michael Jackson, halafu Boney M, halafu wengine wote. Kisha nikaanza hii kazi ya kuandika story za burudani, siku moja nikacheki chati za Marekani, manze nikashtuka. Ngoma yao iliyofanya poa kuliko zote huko ni "Rivers of Babylon", na ilifika namba 30. Basi, hapo ndio mwisho. Na mwaka huo huo wa 1978, ngoma hiyo hiyo ilikalia namba moja Uingereza wiki tano, na mpaka leo iko kwa orodha ya singo zilizouzwa zaidi katika historia ya hiyo nchi.

Ni wimbo mmoja na sauti ni zile zile, lakini ukivuka bahari unapata msee tofauti kabisa. Na Boney M si peke yao. Kuna mbogi nzima ya waimbaji wa soul na disko ambao upande mmoja wa maji ni mafalme na upande ule mwingine ni watu wa kawaida wanapiga foleni ya supamaketi. Nikachimba, na nilichopata si story ya nani alikuwa na sauti kali. Ni story ya nani alikuwa amekalia mlango.

Marekani kulikuwa na redio mbili

Kuelewa hii maneno lazima uelewe redio ya Marekani ilivyokuwa. Hadi 1949, jarida la Billboard, wale wasee wa chati, lilikuwa na chati ya ngoma za watu weusi iliyokuwa inaitwa waziwazi "rekodi za mbari". Mwaka huo wakabadilisha jina ikawa Rhythm and Blues. Jina lilibadilika, ukuta ukabaki pale pale. Kulikuwa na stesheni za watu weusi, na kulikuwa na stesheni za pop zinazoskizwa na wazungu. Ngoma ya msanii mweusi ilianza kwa stesheni za weusi, na ikitaka kuwa ya nchi nzima ilikuwa lazima ivuke ng'ambo ile ingine. Nyingi hazikuvuka. Ni kama mathree: ukipanda ya Rongai, dere anaweza kuwa mkali aje na mziki unadunda vipi, Thika hautafika.

Angalia kilichompata Tina Turner. Mwaka 1966 alirekodi "River Deep, Mountain High" na Phil Spector, prodyusa aliyekuwa moto sana wakati huo, na pesa nyingi iliingia hapo. Uingereza ilifika namba 3. Marekani, nyumbani kwake, ilifika namba 88. Maelezo ambayo yamerudiwa miaka yote ni kwamba stesheni za pop zilisema huyu ni mweusi sana, na stesheni za weusi zikasema hii ni pop sana. Kwa hivyo ilianguka katikati, kama simu imeteleza kati ya kiti na dirisha ya basi.

Uingereza mambo ilikuwa tofauti, na si juu walikuwa watu wazuri sana. Ni juu redio yao ilikuwa kidogo. BBC ndio ilikuwa mwenye mji. Vijana walikuwa na njaa ya muziki mpaka 1964 ikatokea Radio Caroline, stesheni ya haramu inayopiga ngoma kutoka kwa meli huko baharini. BBC ikaona vijana wanatoroka, ikafungua Radio 1 mwaka 1967. Kwa televisheni kulikuwa na kipindi kimoja kikubwa, Top of the Pops, kilichoanza 1964. Redio moja, kipindi kimoja, chati moja. Ukipenya hapo, umeingia kila nyumba usiku mmoja, na hakuna mtu anakuuliza wewe ni wa upande gani wa ukuta.

Otis Redding aliona hiyo maajabu kwa macho yake. Mwaka 1967 lebo ya Stax kutoka Memphis ilipeleka wasanii wake Ulaya: Otis, Sam & Dave, Booker T. na wenzao. Watu walipagawa. Mwaka huo huo wasomaji wa gazeti la Melody Maker la Uingereza walimchagua Otis kuwa mwimbaji bora wa kiume duniani, cheo ambacho Elvis Presley alikuwa amekizoea miaka mingi. Na kumbuka wakati huo Otis hakuwa amewahi kufika namba moja kwa chati kubwa ya Marekani hata mara moja. Alifika 1968 na "(Sittin' On) The Dock of the Bay". Alikuwa amekufa kwa ajali ya ndege Disemba 1967.

Usidhani lakini ilikuwa njia moja. Kuna wale walikuwa wakubwa Marekani na Ulaya wakapita tu. Johnnie Taylor alitoa "Disco Lady" 1976, ikawa singo ya kwanza kabisa kupewa cheti cha platinamu Marekani, ikakaa namba moja wiki nne. Uingereza haikuingia hata ishirini bora. Huyu alikuwa mtu wa kanisa na blues za kusini, utamu wake uko kwa maneno na kwa ile namna anayavuta. Ukiwa haujalelewa hapo, unaskia tu msee anaongea polepole juu ya besi.

Wigan, saa saba usiku, bila pombe

Sasa hapa ndio nilipotea siku nzima nikisoma badala ya kufanya kazi.

Kaskazini mwa Uingereza, miji ya viwanda, miaka ya 60 mwisho na 70. Vijana wazungu wa mtaa, watoto wa makanika na wachimba makaa ya mawe, walijiamulia kwamba wanataka soul ya Marekani, lakini si ile inayochezwa redioni. Walitaka ile iliyofeli. Ngoma za mbio za katikati ya miaka ya 60, za wasanii waliorekodi mara moja Detroit au Chicago, rekodi ikakataa kuuza, wakarudi kwa kazi zao. Mwandishi mmoja wa London aliyekuwa na duka la rekodi, Dave Godin, ndiye aliyeipa hiyo ladha jina: Northern Soul. Hiyo "kaskazini" ni ya Uingereza, si ya Marekani.

Makao makuu yakawa Wigan Casino, iliyofunguliwa 1973. Walikuwa wanaanza baada ya saa sita usiku na kumaliza asubuhi, na pombe haikuwa inauzwa. Watu walikuja na begi ya nguo za kubadilisha, wanamwaga poda ya mtoto kwa sakafu ndio miguu iteleze, wanacheza mpaka kuche. Nayo madeejay wao walikuwa na ushindani mbaya. Wengine walikuwa wanabandika karatasi juu ya lebo ya rekodi na kuandika jina la uongo, ndio deejay mwingine asijue ni ngoma gani akaitafute. Kama umewahi kuona deejay wa mathree akikataa kukwambia jina la miksi, unajua hii roho si ya leo.

Sasa fikiria uko upande wa msanii. Gloria Jones alirekodi "Tainted Love" California 1964, ikatoka mwaka uliofuata, na hata haikuwa wimbo mkuu. Ilikuwa upande wa pili wa rekodi. Ikafa. 1973 deejay mmoja Mwingereza akiwa kwa safari Marekani akaokota hiyo rekodi, akarudi nayo, vijana wa kaskazini wakaipenda kama kichaa. 1981 kundi la Soft Cell kutoka Leeds likairudia kwa vinanda vya umeme, ikawa namba moja Uingereza, halafu ikaenda Marekani ikafika namba 8. Yaani wimbo wa dame mweusi wa Marekani ilibidi uzunguke Uingereza, uvae ngozi ya wazungu wawili, ndio uruhusiwe kurudi nyumbani. Na kama wewe ni mtoto wa juzi, bado umeuskia: ule mdundo unaobeba "SOS" ya Rihanna ya 2006, iliyofika namba moja Marekani, umetoka hapo.

Frank Wilson je? Huyu alikuwa mtunzi na prodyusa wa Motown. 1965 aliimba ngoma yake mwenyewe, "Do I Love You (Indeed I Do)". Zikachapishwa nakala chache, kisha ikaamuliwa abaki nyuma ya mitambo, nakala karibu zote zikaharibiwa. Zikapona kidogo sana. Huko Wigan hiyo rekodi ikawa kama kikombe kitakatifu. 2009 nakala moja iliuzwa zaidi ya pauni elfu 25. 2020 moja ikaenda pauni elfu 100. Piga hesabu kwa shilingi mwenyewe, mimi niliacha chuo kabla sijafika huko. Hiyo doo haikuenda kwa Wilson. Alikuwa ameacha Motown miaka ya 70 akawa mhubiri, na akafariki 2012. Pesa ya rekodi iliyotumika ni ya mwenye kuuza rekodi, si ya aliyeimba.

Wengine waliamua kufuata mashabiki wao. Edwin Starr, yule wa "War", iliyokuwa namba moja Marekani 1970, alihamia Uingereza na akaishi karibu na Nottingham mpaka kifo chake 2003. Jimmy Ruffin naye aliishi huko miaka mingi. Marekani walikuwa wasanii wa zamani. Uingereza kulikuwa na shoo kila wikendi.

Donna alienda Ujerumani kutafuta kazi tu

Donna Summer ndiye mfano ulionyooka zaidi. Msichana wa Boston, jina lake LaDonna Gaines. 1968 akiwa na miaka 19 alipata kazi ya kuimba kwa mchezo wa Hair jijini Munich. Akajifunza Kijerumani, akaolewa na Mwaustria anaitwa Sommer, jina likageuka Summer. Karibu miaka saba alikuwa huko, akiimba kwa michezo ya jukwaani na kurekodi sauti za nyuma. Hapo ndio akakutana na Giorgio Moroder, Mtaliano, na Pete Bellotte, Mwingereza. Ngoma yao moja ya 1974, "The Hostage", ilivuma Uholanzi. Marekani hakuna mtu alijua yuko hai.

1975 wakatengeneza "Love to Love You Baby". Neil Bogart, mwenye lebo ya Casablanca, aliicheza kwa sherehe yake, wageni wakataka irudiwe na irudiwe, akapiga simu Ujerumani akaomba iwe ndefu. Ikawa karibu dakika 17. Ikafika namba 2 Marekani. Donna akarudi nyumbani akiwa anatambulishwa kama mgeni kutoka Ulaya.

1977 wakaja na "I Feel Love", ambayo karibu yote ni mashine tupu na sauti yake juu. Uingereza namba moja wiki nne. Marekani namba 6. Ukitaka kujua masikio ya hizi pande mbili yako wapi, angalia tu hapo. Ngoma zake zilizofika namba moja Marekani ni "MacArthur Park", "Hot Stuff", "Bad Girls" na ile ya pamoja na Barbra Streisand: zina gitaa, zina hadithi, unaskia mtu. Ile ya Uingereza ni ile anasikika kama roho imeingia kwa stima. Hiyo ndio wazungu wa Ulaya walishika wakajenga nayo muziki wa klabu mpaka leo.

Halafu ikaja usiku wa Chicago. Tarehe 12 Julai 1979, uwanja wa Comiskey Park, mechi mbili za besiboli kati ya White Sox na Detroit Tigers. Mtangazaji wa redio ya roki, Steve Dahl, aliyekuwa amechukia disko, alipanga kitu: leta rekodi ya disko, unaingia kwa senti 98. Wakaja watu kama elfu 50. Katikati ya mechi wakalipua lile rundo la rekodi, uwanja ukavamiwa, mechi ya pili haikuchezwa. Kijana mmoja mweusi aliyekuwa anafanya kazi hapo ya kuelekeza watu kwa viti, Vince Lawrence, amesimulia kwamba rekodi nyingi alizoona watu wakileta hazikuwa hata za disko. Zilikuwa tu za watu weusi.

Na kicheko ni kwamba wiki hiyo hiyo "Bad Girls" ya Donna ndiyo ilipanda namba moja. Lakini upepo ulikuwa umebadilika. Stesheni zikaanza kuogopa hilo neno. Chic walifika namba moja Agosti na "Good Times", na baada ya hapo hawakuingia tena arobaini bora ya Marekani. Wale wa Grammy walikuwa wameunda tuzo ya disko, wakampa Gloria Gaynor mwaka 1980 kwa "I Will Survive", halafu wakaifuta. Imetolewa mara moja tu katika historia.

Ulaya hakuna mtu alilipua kitu. Disko iliendelea tu kama sherehe ambayo majirani hawajapiga simu polisi. The Weather Girls, wamama wawili wa sauti nzito waliotoka nyuma ya Sylvester, walitoa "It's Raining Men". Marekani namba 46, Uingereza namba 2. Amii Stewart wa Washington alikuwa na "Knock on Wood", namba moja Marekani 1979, baadaye huko wakamsahau. Akahamia Italia, akajenga maisha mazima ya muziki, akafanya kazi hata na Ennio Morricone. Randy Crawford, yule wa "Almaz" ambayo kila kipindi cha slow za usiku hapa Nairobi lazima kiicheze, hajawahi kuingia mia bora ya Marekani akiwa peke yake. Uingereza "One Day I'll Fly Away" ilifika namba 2. Nile Rodgers wa Chic mwenyewe aliokolewa na Mwingereza, David Bowie, 1983, na miaka 30 baadaye Wafaransa wa Daft Punk wakamrudisha tena na "Get Lucky".

Hata Chicago yenyewe. Vijana weusi wa huko walichukua mabaki ya disko wakatengeneza house kwa mashine za bei rahisi. Januari 1987 "Jack Your Body" ya Steve "Silk" Hurley ikawa namba moja. Wapi? Uingereza, si kwao.

Lakini kupendwa pia kuna bei

Hapa ndio nataka uskize poa, juu mpaka sasa inakaa ni kama Ulaya ilikuwa paradiso. Haikuwa. Mmarekani mweusi akishuka kwa ndege na suti ya kung'aa alipendwa. Mweusi aliyekuwa anaishi hapo kando alikuwa na story ingine. Billy Ocean alizaliwa Trinidad akakulia London, akapata hiti 1976, halafu akakauka. 1984 alitoa Uingereza wimbo unaitwa "European Queen". Kimya. Wakabadilisha jina likawa "Caribbean Queen", ngoma ile ile, ikaenda Marekani ikawa namba moja, ikampa Grammy. Hapo ndio Uingereza ikaamka, ikaipandisha mpaka namba 6.

Na kuna kitu kibaya zaidi. Ulaya hawakukuuliza wewe ni nani, na hiyo ilikuwa raha. Lakini msee asiyekuuliza wewe ni nani anaweza pia kukubadilisha na mtu mwingine na hakuna mtu akashtuka.

Rudi kwa Boney M. Lile kundi lilitengenezwa na Mjerumani, Frank Farian. Ile sauti nzito ya mwanaume ni yake, studio. Yule unayemwona akiruka na kifua wazi ni Bobby Farrell wa Aruba, na hakuimba kwa hizo rekodi. Kati ya wale wanawake watatu, walioimba studio ni wawili wazaliwa wa Jamaika, Liz Mitchell na Marcia Barrett. Ulaya ilijua na ikaendelea kucheza. Farian akarudia mchezo huo huo 1988 na Milli Vanilli, lakini safari hii wakafaulu Marekani, wakapewa Grammy Februari 1990. Novemba ikajulikana hawakuimba, wakanyang'anywa tuzo. Rob Pilatus, mmoja wa wale vijana wawili, alikufa 1998. Farian aliendelea na kazi yake hadi akafariki 2024.

Iliyoniuma zaidi ni ya Loleatta Holloway. Mwanamke wa Chicago, sauti ya kanisa, 1980 alitoa "Love Sensation", ikashika namba moja kwa chati ya klabu tu. 1989 kundi la Waitaliano, Black Box, likakata vipande vya sauti yake na kutengeneza "Ride on Time". Wiki sita namba moja Uingereza, singo iliyouzwa kuliko zote mwaka huo. Kwa televisheni kulikuwa na modo mwembamba anafungua na kufunga mdomo. Loleatta hakuwa anatajwa popote. Ilibidi awatume mawakili ndio wakamlipa. Martha Wash, mmoja wa wale Weather Girls, aliimbia kundi hilo hilo ngoma kadhaa, video ikawekwa yule modo. Naye akaenda korti, wakamalizana nje.

Fikiria hiyo kitu. Nchi yako imezima redio juu yako. Nchi ingine inaimba sauti yako kila asubuhi. Na huko kote hakuna mtu anajua sura yako. Aliyemtaja Loleatta waziwazi alikuja kuwa Mmarekani, Marky Mark, ambaye nyinyi mnamjua kama Mark Wahlberg wa muvi. "Good Vibrations" ya 1991 ilitumia ile ile "Love Sensation", na jina la mama liliandikwa na kwa video akaonekana. Hiyo ilifika namba moja Marekani.

Sasa sisi huku je? Mimi naona sisi tulirithi masikio ya Ulaya. Tulitawaliwa na Mwingereza, redio yetu ilijengwa kwa mfano wa BBC: stesheni moja, nchi nzima. Iliyowaka London ilifika kwa mathe wako. Na Boney M nao walichukua kutoka kwetu. 1981 walitoa "Malaika", ile ya Fadhili William ambayo watu bado wanabishana nani aliitunga kwanza, na 1983 wakatoa "Jambo", ambayo msingi wake ni wimbo wa Them Mushrooms wa Mombasa. Kwa hivyo ukiskia Boney M wakiimba Kiswahili kwa lafudhi ya ajabu, usicheke sana.

Bobby Farrell alikufa 30 Disemba 2010 kwa chumba cha hoteli St Petersburg, Urusi, baada ya kupiga shoo usiku uliotangulia. Rasputin, yule mtu wa ile ngoma yao, aliuawa mji huo huo, tarehe hiyo hiyo, 1916. Mwaka 2021 hiyo ngoma ililipuka TikTok, na watoto wanaoicheza hawajui hata alikuwa anaitwa Bobby.

Wiki iliyopita nilimwambia mathe kwamba Bobby hakuwa anaimba. Alikuwa anakatakata sukuma. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Na kucheza, alikuwa anacheza nani?"

Nikamwambia ni yeye.

"Haya," akasema. "Ongeza sauti basi."